Gia zimetulia baiskeli ikining'inia, nikipanda mlima zinaruka. Nimekosea wapi?

#1 Kigurudumu

Wakuu, salaam.

Nimechoka kupeleka baiskeli kwa fundi kila baada ya wiki tatu kwa kitu ambacho yeye anakimaliza kwa dakika mbili huku anaongea na simu. Jumamosi nikasema liwalo na liwe, nitarekebisha gia mwenyewe. Baiskeli ina sproketi 3 mbele na 8 nyuma. Nikaining'iniza kwa kamba kwenye boriti, nikawa nazungusha pedeli kwa mkono. Nilichezea zile skrubu mbili ndogo zenye herufi H na L, nikakaza na kulegeza kile kifundo cha plastiki waya unapoingilia, mpaka zote nane zikawa zinapanda na kushuka kama mtu anayepita ngazi. Nikajiona injinia.

Leo nimeitoa barabarani. Tambarare safi kabisa. Nikaanza mlima, niko gia ya tatu kuhesabu kutoka sproketi kubwa, nakanyaga tu, sijagusa kitu usukanini: krrk! Natulia, naanza tena: krrk! Ya tatu mguu ukachomoka kwenye pedeli nikajigonga ugoko. Naandika hapa nina nundu.

Swali: inakuwaje ikining'inia iwe sawa, nikiipanda ikatae? Na je, nilianzie wapi? Maana kile kifundo nimeshakizungusha huku na huku hadi nimesahau kilikuwa wapi.

#2 Bibi Pedeli

Pole ya ugoko. Karibu chamani.

#3 Spana Kumi na Tatu

Mkuu, tuanze na kosa la kwanza, na wala si lako peke yako. H na L si skrubu za kurekebisha gia. Ni kuta mbili. H inauzuia ule mkono unaoning'inia nyuma usipitilize sproketi ndogo kabisa na kuitupa cheni kati ya kaseti (lile fungu la sproketi za nyuma) na fremu. L inauzuia usipitilize sproketi kubwa na kuiingiza cheni kwenye spoki. Sproketi sita za katikati hazijui hata kama H na L zipo. Gia yako ya tatu inaamuliwa na waya.

Anza upya hivi. Shusha hadi sproketi ndogo kabisa. Legeza skrubu inayobana waya, waya uwe huru. Chuchumaa nyuma ya baiskeli utazame: kile kigurudumu kidogo cha juu cha mkono kikae mstari mmoja na sproketi ndogo, au kiwe nje kidogo sana. Kama hakipo hapo, ndipo uiguse H, robo mzunguko, tazama, robo mzunguko, tazama. Halafu funga kifundo chote ndani, kirudishe nje mzunguko mmoja ili ubaki na nafasi ya kwenda pande zote, vuta waya kwa koleo usiwe na ulegevu, bana. Bonyeza gia moja. Cheni ikipanda sproketi ya pili na kunyamaza, umepata. Ikisita, zungusha kifundo kinyume na saa robo. Ikipitiliza ikaanza kukwaruza ya tatu, kwa mwendo wa saa robo.

L iache mwisho. Iguse ukiwa umeshafika sproketi kubwa.

#4 Mlevi wa Milima

Spana bhana, "robo mzunguko" hii ataandikiwa kaburini.

Mleta uzi, mimi nilianza kama wewe. Nilizungusha skrubu zote, pamoja na moja iliyokuwa inashikilia kitu kingine kabisa.

#5 Fundi Mstaafu

Namheshimu #3 lakini hajajibu swali. Jamaa amesema ikining'inia iko SAWA. Ingekuwa waya, hata ikiwa juu ya kamba ingesita au kukwaruza. Tofauti ya kamba na mlima ni mzigo. Ukizungusha kwa mkono cheni haibebi kitu, ukipanda mlima uzito wako wote uko kwenye meno matatu manne ya sproketi. Hapo cheni iliyochoka inapanda juu ya meno na kuruka.

Chukua rula ya inchi. Cheni zote hizi, kutoka pini moja hadi inayofuata ni nusu inchi, yaani milimita 12.7. Weka sifuri katikati ya pini, hesabu viungo 24. Pini ya mwisho inapaswa kuangukia inchi 12 kamili. Ikipita kwa 1/16 ya inchi, cheni imerefuka nusu asilimia. Ikipita kwa 1/8, asilimia moja, na hapo usipoteze muda na bisibisi, kaseti nayo imeshaliwa.

#6 Mnyamavu

Tatizo la lugha kabla ya tatizo la baiskeli. "Inaruka" tunaitumia kwa mambo matatu tofauti, na kila jambo lina tiba yake:

Kuhama: cheni inatoka sproketi uliyoichagua kwenda ya jirani bila wewe kubonyeza, mara nyingi inarudi yenyewe. Hapo mshukiwa ni waya, ganda la waya (lile bomba ambalo waya unapita ndani yake), au mkono uliopinda.

Kuteleza: cheni iko pale pale kwenye sproketi yake, ila inapanda juu ya meno na kuanguka jino linalofuata. Hapo ni uchakavu, au kiungo kimoja kigumu.

Kutumbukia: cheni haijafanya lolote, ila pedeli inakwenda bure kidogo halafu inashika kwa kishindo. Hiyo ni friwili, vile vikucha vya ndani havishiki.

Kigurudumu, yako ni ipi? Bila kujua hilo tunapiga ramli tu.

#7 Kigurudumu

Asante #6, sikuwahi kuzitenganisha. Nadhani ni kuhama, maana baada ya krrk pedeli inakuwa nzito kidogo halafu inarudi nyepesi. Lakini ile iliyonipiga ugoko ilikuwa kama mguu umeingia shimoni. Kwa hiyo labda ni mbili kwa pamoja?

Rula ninayo ya sentimita tu. Ngoja niazime.

#8 Fundi Mstaafu

Ya sentimita inatosha. Inchi 12 ni milimita 304.8. Ukipata 306 na ushee, ni nusu asilimia. Karibu 308, itupe.

#9 Upepo wa Nyuma

Marekebisho mawili kwa #3, kwa nia njema.

Moja, "kinyume na saa" inategemea umesimama upande gani wa kifundo. Nimeona watu wakilegeza wiki nzima wakidhani wanakaza. Afadhali kusema hivi: kifundo kikitoka nje, ganda linasukumwa, waya unakaza, mkono unaelekea sproketi kubwa. Kikiingia ndani, waya unalegea, mkono unaelekea ndogo. Yaani kukifungua ndiko kukaza. Ukilizoea hilo umemaliza nusu ya kazi.

Mbili, hilo si kweli kwa baiskeli zote. Shimano waliwahi kutoa mikono ya Rapid Rise ambayo springi yake inavuta kuelekea sproketi KUBWA, na waya ndio unaoshusha. Nilinunua baiskeli ya mkononi yenye kitu hicho, nikaifuata maelekezo ya mtandaoni neno kwa neno, kila nilichofanya kikawa kinyume. Nilidhani nina laana.

#10 Spana Kumi na Tatu

Nimekubali yote mawili. Rapid Rise nilikuwa nimeisahau, na nashukuru kuwa nilikuwa nimeisahau.

Lakini kwa #5 sikubali. Mfumo wa Shimano wa gia 8, kila ukibonyeza, kitufe kinavuta waya milimita 2.8 tu, na mkono unahama milimita 4.8, ambao ndio umbali kati ya sproketi na sproketi. Waya ukilegea nusu milimita tu, kule chini umekosa karibu milimita nzima. Bila mzigo cheni inavumilia kukaa upande wa sproketi, inazunguka kimya kabisa. Tia mzigo, inaangukia jirani. Kwa hiyo ndiyo, waya unaweza kuwa sawa kambani na ukawa mbaya mlimani. Nimeshaliona hilo mara nyingi kuliko cheni zilizochakaa.

#11 Fundi Mstaafu

Umeliona mara nyingi kwa sababu wewe kila kitu unakiangalia kwa waya.

#12 Bibi Pedeli

Wazee wangu msigombane, na mimi nina la kwangu.

Kigurudumu, hiyo baiskeli imewahi kuanguka upande wa kulia? Hata ikiwa imeegeshwa tu, imeteleza ukutani ikalala chini. Mkono wa gia umeshikiliwa na kipande kidogo kinachotoka kwenye fremu, mimi nakiita sikio. Kwenye fremu nyingi za alumini hicho kipande ni cha kufungua na kubadilisha, na ni laini kwa makusudi, kipinde chenyewe kabla fremu haijapinda. Kikipinda, vile vigurudumu viwili vidogo havitazami tena sproketi kwa unyoofu. Utarekebisha waya mpaka uchoke: ukiipata gia ya pili unapoteza ya sita.

Yangu ilianguka ikiwa imesimama, nikaiinua, nikapangusa vumbi, nikaondoka. Miezi miwili nikazungusha kifundo. Siku moja mtoto amekaa nyuma ya baiskeli anachezea pampu akasema, mama, mbona hiki kimejinyonga? Nikachuchumaa pale alipokuwa. Kigurudumu cha chini kilikuwa kimeingia ndani kuelekea spoki kwa upana wa kidole cha mtoto. Miezi miwili nilikuwa naitazama kwa pembeni tu, sijawahi kuitazama kwa nyuma.

#13 Mlevi wa Milima

Mtoto apewe duka.

#14 Mnyamavu

Naongezea kwa #12. Chombo cha kupimia sikio kipo, ni mkono mrefu unaofungwa kwenye tundu la sikio halafu unazungushwa kulinganisha na rimu pande zote. Ila kama huna, tafuta gurudumu la nyuma la ziada lenye ekseli ya milimita 10 yenye nyuzi za milimita 1. Masikio mengi yana nyuzi hizo hizo. Fungua mkono wa gia, kisha skrubu ile ekseli taratibu kwenye sikio. Sasa una magurudumu mawili sambamba, au yanayopaswa kuwa sambamba. Pima nafasi kati ya rimu na rimu juu, chini, mbele, nyuma. Tofauti utaiona kwa macho. Na unaweza kuivuta taratibu kwa gurudumu lile lile, ila ya alumini usiirudishe mara mbili tatu, inakatika.

Usilazimishe nyuzi. Ikikataa mzunguko wa kwanza, toa uanze upya.

#15 Kigurudumu

Nimerudi na vipimo.

Cheni: milimita 306 na nusu hivi, nimepima sehemu tatu.

Sikio: nimechuchumaa nyuma. Naona limeingia ndani kidogo, au naona kwa sababu nimeambiwa. Mke wangu kasema liko sawa. Jirani kasema limepinda. Gurudumu la ziada sina.

Kuanguka: ndiyo, imeanguka. Nani ambaye haijaanguka?

#16 Fundi Mstaafu

306 na nusu. Nusu asilimia na ushee. Si nilisema?

#17 Upepo wa Nyuma

Hukusema hivyo mzee. Nusu asilimia ni kikomo cha cheni nyembamba za gia 11 na 12. Kwa gia 8 cheni ni nene, wengi wanaiacha ifike asilimia 0.75. Hiyo ya kwake imetembea ila haijafa.

#18 Fundi Mstaafu

Wengi pia wanasubiri tairi litoboke ndipo wanunue gundi.

#19 Tatu Ndani

Ninawasoma tangu asubuhi na nacheka peke yangu. Mimi natumia habu (kitovu cha gurudumu la nyuma) ya Sturmey-Archer yenye gia tatu, zote zimefungiwa ndani, mvua na mchanga havizioni. Kampuni ilianza 1902 na kanuni yake ya marekebisho inaandikika kiganjani: weka gia ya pili, tazama kwenye kitundu cha nati ya upande wa kulia, ule mnyororo mdogo unaoingia ndani, pale unapoungana na kipini chake, pawe sawa na mwisho wa ekseli. Basi. Hakuna H, hakuna L, hakuna sikio.

#20 Mlevi wa Milima

Na hakuna kupanda mlima pia.

#21 Tatu Ndani

Nashuka, nasukuma, nafika na ugoko wangu mzima.

#22 Msafiri wa Kale

Hamjambo. Gia hizi za kubonyeza ndizo zimewaharibu. Zamani kitufe kilikuwa kijiti tu kwenye fremu, unakivuta, unasikiliza kwa sikio, cheni ikinyamaza umefika. Waya ukilegea unavuta zaidi kidogo, basi. Shida zote za uzi huu zimekuja 1984 Shimano walipoleta SIS, klik, klik.

#23 Mnyamavu

Shikamoo mzee. Kwa kumbukumbu tu, SIS ya 1984 ndiyo iliyofaulu, ila Shimano wenyewe walikuwa na Positron miaka ya 1970, nayo ilikuwa na hatua, ila hatua zilikuwa kwenye mkono wa nyuma si kwenye kitufe. Na hata hivyo vijiti vya kuvuta vilikuwa anasa kwa wengine: Tour de France ilikuwa hairuhusu gia za mkono wa nyuma hadi 1937.

#24 Msafiri wa Kale

Marahaba. Positron nimewahi kuiendesha. Ndiyo maana nikarudi kwenye kijiti.

#25 Cheni Kavu

Turudi kwenye mada jamani. Hakuna aliyeuliza kuhusu ganda la waya!

Kigurudumu, fundi wako alibadilisha waya lini? Naomba uangalie maganda, lile refu na kile kipande kifupi kinachopinda kuingia kwenye mkono wa nyuma. Kuna ganda la breki na kuna ganda la gia, na kwa nje yanafanana. Ganda la breki kwa kawaida ni milimita 5, ndani lina waya bapa uliosokotwa kama springi. La gia ni milimita 4, ndani lina nyaya nyembamba nyingi zilizolala kwa urefu zikizunguka bomba la plastiki. La breki ukilipinda au kulivuta, ile springi inajibana, urefu wake unabadilika. Kwa breki si neno. Kwa gia, ambako Spana ametuambia hapo juu hesabu ni nusu milimita, ni balaa.

Nilifungiwa la breki na fundi mmoja ambaye alikuwa ameishiwa. Aliniambia ni lile lile. Kambani ilikuwa saa ya ukutani. Nikisimama kwenye pedeli nikauyumbisha usukani, gia zinajiendea zinakotaka.

Na ukikata ganda la gia usitumie koleo butu. Mdomo unabonyea, nyaya za ndani zinachomoza moja moja, kila siku zinajisukuma kidogo kwenye kofia yake. Kata kwa kikatio kikali, sugua kwa tupa mpaka uso uwe bapa, kisha ingiza msumari mwembamba ufungue tundu la plastiki.

#26 Spana Kumi na Tatu

Hapo nimekuvulia kofia. Na inaniunga mkono: waya.

#27 Cheni Kavu

Ganda si waya.

#28 Spana Kumi na Tatu

Ganda ni nguo ya waya.

#29 Kigurudumu

Wakuu nimetoka kuangalia. Nimechomoa kile kipande kifupi cha nyuma. Mdomo umebonyea umekuwa kama jicho lililosinzia, na kuna kijiwaya kimoja kimetoka nje kama milimita 3, kina kutu. Kofia ya mwisho imepasuka. Lakini ni ganda la gia kweli, nimeona nyaya zimelala.

Jambo jingine. Nikiwa pale nikazungusha pedeli kinyumenyume polepole nikitazama kile kigurudumu cha chini. Kuna kiungo kimoja cha cheni kikipita pale hakinyooki, kinapita kimekunja shingo, na mkono unashtuka kidogo.

#30 Mnyamavu

Sasa tunafika. Kiungo kigumu. Fanya hesabu hii: hesabu viungo vya cheni yote, halafu hesabu meno ya sproketi ya mbele unayotumia ukipanda.

#31 Kigurudumu

Viungo 114. Mbele nilikuwa kwenye ya kati, meno 38.

#32 Mnyamavu

Vizuri sana, 114 kugawa kwa 38 ni 3 kamili. Kiungo hicho kinarudi mahali pale pale kila baada ya mizunguko mitatu ya pedeli. Kesho panda mlima ukihesabu. Ikiruka kila mzunguko wa tatu, mwizi ni kiungo. Ikiruka hovyo, tafuta kwingine.

Kukilainisha: tia tone la mafuta, shika cheni kwa mikono miwili, kidole gumba kila upande wa kiungo, ipinde kulia kushoto, ule upande ambao cheni haijaumbwa kupinda. Polepole. Sahani zinaachana kidogo kwenye pini.

#33 Bibi Pedeli

Na ukishatia mafuta, PANGUSA. Naona watu wanamwagia cheni mafuta mpaka inadondosha, kesho yake imekuwa msasa. Tone moja kwa kila kiungo upande wa ndani, izungushe, iache itulie, halafu futa nje kwa kitambaa mpaka kidole kikipita kibaki karibu kisafi. Mafuta yanatakiwa ndani ya roli.

#34 Mwanafunzi wa Spoki

Samahani kuingilia, mimi niko kwenye hatua ya bisibisi tu. Skrubu yangu ya L imeanza kuvimba kichwa, bisibisi inateleza. Nafanyaje?

#35 Upepo wa Nyuma

Acha kuizungusha kwanza. Skrubu hizo mara nyingi ni za muundo wa Kijapani, JIS. Zinafanana na nyota ya kawaida, ila pembe zake si zile zile. Bisibisi ya kawaida haiingii hadi chini, inapanda juu na kukwangua. Tafuta ya JIS, au angalau ile ambayo ncha yake inakaa bila kucheza. Sukuma kwa nguvu zaidi kuliko unavyozungusha.

#36 Mlevi wa Milima

Na L usiifanyie mzaha. Yangu niliifungua "kidogo tu" kwa sababu haikuwa inapanda sproketi kubwa. Kumbe shida ilikuwa waya. Kesho yake katikati ya mlima nikabonyeza gia nyepesi kabisa, cheni ikaruka juu ya kaseti ikaingia kwenye spoki, ikauvuta mkono nao ukafuata. Sekunde moja. Spoki nne, mkono, sikio, vyote kwa mpigo. Gurudumu likagoma kabisa, nikaibeba baiskeli begani.

#37 Mwanafunzi wa Spoki

Mungu wangu. Nimeiacha.

#38 Kigurudumu

Ripoti ya leo.

Nimebadilisha kile kipande kifupi cha ganda, nimesugua mdomo kwa tupa kama alivyosema Cheni Kavu. Nimelainisha kiungo. Kwa kuwa nilikuwa nimetoa gurudumu kusafisha kaseti, nililirudisha vizuri likakaa hadi mwisho kwenye fremu, maana nahisi awali lilikuwa limekaa upande. Nikafuata hatua za #3 kuanzia mwanzo.

Nimepanda mlima ule ule mara nne nikihesabu mizunguko kwa sauti, watu wakinitazama. Mara tatu haikuruka hata kidogo. Ya nne, karibu na kilele, krrk. Moja tu.

#39 Spana Kumi na Tatu

Waya. Hongera.

#40 Cheni Kavu

Ganda.

#41 Mnyamavu

Kiungo. Ila umebadilisha vitu vinne kwa siku moja, kwa hiyo hakuna hata mmoja wetu anayejua. Ungebadili kimoja, upande, urudi.

#42 Bibi Pedeli

Na gurudumu lilikuwa limekaa upande! Mbona hukusema mapema? Gurudumu likikaa upande kaseti yote inageuka, mkono unatazama kwingine. Hiyo peke yake inatosha. Na lile sikio bado hujalipima.

#43 Fundi Mstaafu

Na iliyoruka mara ya nne ni cheni. Subirini.

#44 Kigurudumu

Haikuwa kwenye mzunguko wa tatu, nilikuwa nahesabu. Ilikuwa wa saba kutoka pale nilipoanza kuhesabu upya.

#45 Upepo wa Nyuma

Mara ya nne ulikuwa umekaa kwenye kiti au umesimama kwenye pedeli?

#46 Kigurudumu

Nilisimama. Nilikuwa nimechoka.

#47 Upepo wa Nyuma

Na waya wako unapita wapi, chini ya kranki, pale pedeli zinapozungukia, au juu ya bomba la fremu?

#48 Kigurudumu

Chini ya kranki, kwenye kile kijimfereji cha plastiki. Kimejaa udongo mkavu, sijawahi hata kukigusa. Ngoja nitafute mswaki wa zamani.